Pea kwa Krispi

Twalib karudi na neno kutoka hoteli ya Nyali,
kalikunja mdomoni kama mgeni: guakamole.
Nikamwambia, mwanangu, litafune polepole,
hilo si pea la Kongowea, shilingi ishirini,
lililopondwa likakubali?

Marehemu mama akiliita embe mafuta.
Wateja wa bara huniambia avokado.
Vitabu vya shule, parachichi.
Tunda moja, majina kama mtu anayekimbia madeni.

Nikavuta kinu cha thomu, sikukiosha sana
(harufu ya jana nayo ni kiungo),
nikaponda mapea mawili, kitunguu, nyanya,
pilipili mbuzi moja, kotmiri,
ndimu nikaikamua mpaka ikasalimu amri.
Twalib yuwasoma kwenye simu:
asili yake Meksiko, wenyewe walilisaga
kabla ya Mreno kuijua njia ya Mvita.

Basi nikaanza kuhesabu.
Nyanya, yatoka huko. Pilipili, huko.
Hata muhogo niukatao kila alasiri
mwembamba hadi mwanga ukapenya,
nao huko, ng'ambo ya bahari nyingine.
Miaka kumi na tisa nakaanga hapa Kibokoni
nikijua nauza chetu,
kumbe nalisha jamaa waliopoteana.
Leo wamekutana kwenye bakuli la bati,
ndimu na kotmiri wakiwa mashahidi.

Mbarak akanyoosha mkono.
Mume wangu huyu ana presha.
Jumatatu Sista Kadzo alimpima, akamwambia:
mafuta ya pea ni mafuta mema, moyo hauyakatai,
lina nyuzinyuzi, lina potasiamu, kula.
Kisha akasema: ila.
Ila hiyo Mbarak huiacha kliniki kama mwavuli.

Ila ni chumvi.
Ila ni karai langu, na mkono wangu huu
unaonyunyiza kama unafukuza shetani.
Pea halina kesi. Kesi ni ninachokiuza.

Nikamkatia tango.
Akalitazama kama karatasi ya talaka,
akachovya, akatafuna, akanyamaza,
akachovya tena bila kunitazama.

Nje mtu kagonga meza:
krispi za hamsini, mama, chumvi tele!
Nikakunja gazeti, nikajaza.
Mkono ukafika juu ya kopo
ukakaa hapo.