Riyali Arobaini na Tano

Ijumaa, Ghala, saa tatu asubuhi.
Jua limeshachemsha mabati ya magari
nami nimekaa nyuma ya ukumbi wa kuazima,
daftari la mfuko wa misiba mapajani.
Wamalayali wametoka, Wafilipino wataingia saa tano;
sisi wa Kiswahili tuna saa mbili za Mungu
na kiyoyozi kinachokohoa kuliko wazee wa kanisa.

Nilikuwa nimehesabu mara nne.
Mara nne zikapungua arobaini na tano.
Usiku kucha nilinoa ulimi:
Mwenyekiti, tueleze.
Mwenyekiti, fedha za kusafirisha maiti zimeliwa na nani?
Nilipanga hata mahali pa kunyamaza kidogo,
watu wapate kugeuka wamtazame.

Mwenyekiti wetu ni Zablon Mwakideu,
dereva wa lori la maji matamu, lile la buluu
linalodondosha njia nzima kutoka Amerat.
Kuhubiri hajui. Akishika maikrofoni
huishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.
Suti hana. Ana shati la Ijumaa,
na ufunguo wa pili wa kasha letu.

Akasimama kabla yangu.
"Kabla ya wimbo," akasema, "nina deni.

Mwezi wa saba binti mmoja alinipigia kutoka Sohar,
saa nane usiku, yuko nje ya geti, hana viatu.
Jina lake sitalitaja, msiniulize.
Nilichukua riyali arobaini za mfuko.
Sikumwambia mweka hazina, sikuiambia kamati.
Kumsaidia sikukosea.
Kuwaficha, nilikosea.
Na wiki tisa nimewaongoza sala huku najua:
hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Na msinitetee kwa habari za kondoo mmoja
na wale tisini na tisa.
Yule mchungaji kondoo walikuwa wake.
Riyali hizi ni zenu."

Akaweka mezani kumi na mbili.
"Zilizobaki, safari za usiku zitalipa."

Hotuba yangu ikakaukia kinywani kama ukoko.

Bwana Festo, mwenye tai, akainuka:
kiongozi sharti awe safi, atupishe.
"Ni kweli," Zablon akasema,
wala hakukunja uso, wala hakutafuta macho ya rafiki.
Akauvua ufunguo kwenye kamba yake
akatembea hadi nyuma, akaniwekea kiganjani.
Ulikuwa na joto la kifua chake.

Ndipo Nyamvula, yaya wa Azaiba,
ambaye hata kuomba kwa sauti huona haya,
akasema akiangalia sakafu:
"Nimefanya kazi nyumba tatu.
Sijapata kumsikia mkubwa akisema nimekosea.
Leo nimesikia,
sijui nikae au nisimame."

Akabaki vile, nusu kiti.

Tukaimba. Wengine walilia, wengine walikasirika,
Festo aliimba besi kwa hasira hasa.
Mimi nilikuwa nahesabu.

Yeye kasema arobaini.
Daftari linasema arobaini na tano.
Katika ukumbi wote ule
ni mimi peke yangu niliyejua kuitoa hesabu hiyo:
vocha za simu, mwezi wa tano,
nitarudisha mshahara ukitoka,
sikuziandika popote,
nikazisahau kwa bidii.
Na usiku ule wa kunoa ulimi
nilikuwa nimeshamtwisha na zangu.

Nje lilibaki doa la maji lami ilipokuwa lori lake,
nzi wawili wa nyuki wakinywa ukingoni.
Sikumkimbilia. Nisiseme uongo hapa pia:
nilipanda gari la Festo, tukamsengenya hadi Ruwi.

Wiki nzima ufunguo ulikaa chini ya mto wangu.
Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenishuku.
Yeye mwenyewe, nilipompigia, aliniuliza tu
kama mguu wa mama yangu umepona.

Ijumaa iliyofuata nilifika mapema.
Nikaweka noti ya tano juu ya daftari,
nikasema, "Kabla ya wimbo,"

na maikrofoni ile, jamani, ni nzito.
Inahema mkononi.
Huijui pa kuishika.