Nusu Saa ya Maji

Chumba nambari kumi na nne, ghorofa ya chini,
Nizwa, nyuma ya maktaba, kando ya mashine ya soda iliyokufa.
Mlangoni karatasi: Humu tunaongea Kiingereza tu.
Chini yake mtu ameongeza kwa penseli: Tunajaribu.

Nafasi niliiomba siku tisa nyuma.
Jumanne, saa nne na robo. Nusu saa.
Ndani yumo Farrukh wa Dushanbe.
Nakitazama kisogo chake kupitia kioo,
kinaitikia, kinaitikia,
kama mtu anayekubali deni asilolijua.

Halafu mimi, Hamimu wa Ujiji,
mwaka wa pili, uhandisi wa maji,
na kurasa sita juu ya falaji,
mfereji wa kale uteremkao kutoka mlimani hadi mitendeni.
Profesa amezirudisha. Juu ameandika: Lugha.
Basi. Lugha.
Kama daktari akupimaye, kisha akakwambia: Mwili.

Bi Thuwaiba hatumii wino mwekundu.
Ana penseli fupi kama kidole cha mtoto,
anapandikiza kile kineno cha herufi tatu,
hapa, na hapa, na hapa hapana.
Namuuliza kanuni. Anasema ipo,
kisha anageukia dirisha.

Kwetu kitu hakitembei na mpambe mbele.
Mti unajulikana kwa u wake, kisu kwa ki,
na maji yakipita, ya huyafuata hadi mwisho wa sentensi
kama mtoto aliyeshika kanga ya mamake.
Huku kisu, mti, jua, deni,
vyote vinatundikwa kigingi kimoja.

Nimeandika: Maji yaligawanywa.
Tumefundishwa kutojitaja, kutomtaja mtu.
Pembeni penseli inauliza: Na nani?
Nafuta. Naandika: Iliamuliwa kwamba.
Pembeni: Na nani?

Nami namjua nani.
Nilishinda naye siku tatu juani.
Muhanna, miaka ishirini na sita,
aliyerithi daftari la zamu kwa babake,
hupima kivuli cha nguzo
kisha huhakikisha kwenye simu, kwa siri kidogo.

Ndipo printa ikakwama,
na Bi Thuwaiba, mwenye shahada mbili za ng'ambo,
akaipiga kofi:
"Lione! Limemeza tena!"

Kimya.
Naitazama karatasi ya mlangoni. Naye anaitazama.
"Mama amekulia Shinyanga," anasema,
kama mtu anayekiri kuvunja sahani.
Kisha: "Haya, nieleze huyo Muhanna.
Nieleze kama unampigia simu dada yako."

Nikaeleza. Muhanna na kivuli.
Muhanna na mama wa shamba la chini
anayedai dakika tatu zake tangu mwaka juzi.
Muhanna anavyolisukuma jiwe kwa mguu,
na maji yanavyosita,
yanavyositasita, kabla ya kugeuka.

Aliandika neno moja: yanasitasita.
"Hilo," akasema, "ndilo tulitafutie Kiingereza."

Tukatafuta. Manne tuliyatupa.
La tano likakaa,
si sawasawa, likakaa kama kiatu cha kuazima
ambacho hata hivyo kitakufikisha.

Kule kijijini zamu moja ya maji
ni nusu saa, nao huiita athar.
Siku ya kwanza mimi nilisikia athari,
nikaandika hivyo daftarini,
na mpaka leo sijaona haja ya kusahihisha.

Hodi. Ni Nasrin wa Sylhet,
mafaili kifuani, macho hayajalala.
Nainua begi. Kiti bado kina joto langu
naye anakalia hivyo hivyo, hana muda.

Nje, kivulini, nafungua ukurasa wa nne.
Na nani? bado ipo pembeni, penseli hafifu.
Chini yake naandika kwa wino: Muhanna.
Profesa huenda akamkata.
Na amkate; atajua amemkata nani.