Una Saa Ngapi?

Tulikutana Ipuli, wahitimu wa mkupuo wa tisa,
kumi na wanne tuliosalia, vitambi vimetangulia vyeo,
tukatafuna matobolwa kwa karanga kama enzi za kombati,
na kwa kauli moja tukaamua: lango.
Lango la marumaru, majina yetu yachongwe ubavuni.
Daftari la michango nilishika mimi.
Na ni mimi niliyesema herufi ziwe za dhahabu.

Kesho yake tukaenda chuoni kupima mahali.
Mchanga wa Tabora hauna hodi,
umeshaingia viatuni kabla hujafunga mlango wa gari.
Soksi ya upepo imechanika katikati,
inaelekeza kusini na magharibi kwa wakati mmoja.
Uwanjani sajenti wa kwata anafoka,
koo jipya, maneno yale yale:
"Wewe! Unatembea kama umetumwa chumvi!"
Tukacheka. Kanali Mihambo akacheka hadi machozi,
akanyoosha mgongo bila kujua.

Penye lango la zamani, mabomba mawili na mnyororo,
alisimama zamu ofisa mwanafunzi mmoja,
Nyanzobe, binti wa Urambo, kola imepigwa pasi hadi inakata.
Nikamwuliza, "Una saa ngapi?"
Akatazama mkono. "Saa nne kasoro robo, afande."
"Siyo hizo. Za angani."
Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa deni.
"Kumi na moja na nusu, afande."
"Tangu lini?"
"Tangu tumbaku iko kitaluni."
Na siku hiyo mabani yote yalikuwa yanafuka moshi.
"Ndege ipo, afande. Mafuta ndiyo hayaji."

Mwaka wetu pia hayakuja.
Miezi mitano tuliruka kwenye viti vya mbao,
mwiko wa ugali ndio usukani,
mkufunzi akinguruma kwa mdomo kuwa injini.
Ndipo likaja lori kutoka Sikonge, mapipa sita.
Tulidhani asali; Mihambo alikimbia na kikombe.
Yakafunguliwa, harufu ikatuchoma pua:
petroli ya ndege.
Aliyeyaleta ni Mlekwa, wa mkupuo wa pili,
mkono mmoja aliuacha kwenye ajali asiyoisimulia.
Hakuhutubia. Aliomba maji, akanywa,
akasema mapipa matupu atayafuata Jumanne,
akaondoka.
Kwa mafuta yale niliruka peke yangu mara ya kwanza,
dakika tisa juu ya bwawa la Igombe,
kiti cha mwalimu kitupu kando yangu
kikinitisha kuliko mwalimu mwenyewe.

Nilipoyasema haya kikaoni, Mihambo alipiga meza.
Fundi ameshapokea nusu. Wajukuu wameshaonyeshwa mchoro.
"Mafuta yanaungua," alisema, "jiwe linabaki."
Sikuwa na jibu la kijeshi.
Nikamwuliza tu kama anakikumbuka kile kikombe.

Hatukupatana. Saba wakabaki na lango,
nalo likawa fupi, la matofali, herufi nyeusi.
Saba tukatafuta mapipa.

Juzi, nikiwa uani Isevya natoa kuku bandani,
injini ilipita upande wa Kazima,
ikayumba kidogo penye kona, kisha ikanyooka,
kama mtu anayekumbuka jina.
Nilihesabu mpaka ikatua.
Mke wangu akauliza kutoka jikoni: saa ngapi sasa?
"Kumi na mbili kasoro dakika tano."
Akachungulia jua lililokwisha kupanda juu ya mapaa.
"Saa yako imekufa," akasema.
Sikumbishia.