Kahawa Ikichemka

Mimi nilikuwa wa nne, na slaidi thelathini.
Afisa mmoja akipiga miayo, mwenzake yumo simuni.
Kisha akaingia Zuwena Shaame
na seredani, na birika. Ukumbi wa mikopo, Wete!
Hata "awali ya yote" hakusema.

"Mkaa wa vifuu huu.
Kahawa ikichemka, nami basi."

Nani tena atazame simu?
Macho yote birikani.
Akataja bei ya gunia, akataja na deni,
sauti ile ile. Madirisha yamefungwa;
moshi tukautafuta kwa pua, hatukuupata.

Kifuniko kikaanza kutetema.
Ndiyo kwanza anafika kwenye faida;
akalikata neno katikati,
akamimina.

Faida wakaiuliza wenyewe,
vikombe mkononi.