Vipande vya Jumanne

Kazi yangu ni kukata sauti.
Redio yetu iko juu ya duka la saruji, Mkoani,
chumba kimoja, magodoro yamesimamishwa ukutani,
feni tunaizima tukirikodi
na wageni wetu husema kweli huku wanavuja jasho.

Jumanne walikuja wawili kutoka Kengeja:
Mwalimu Shaame, na Bi Zuwena Mbarouk wa kamati ya maji.
Vyama mbalimbali. Skuli walikaa dawati moja.
Walibishana bomba lipite wapi
dakika arubaini na saba.
Bi Zuwena akachora ramani juu ya meza
kwa kidole na maji ya gilasi yake.
Mwalimu akaiinamia, akanyamaza.
Sekunde kumi na moja, nilizipima,
kisha akasema: "Hapo umenipata. Lile bonde sikulifikiria."
Na Bi Zuwena, badala ya kushangilia:
"Ngoja, hata hesabu yangu ya paipu ina walakini."

Meneja alisikiliza wima, ufunguo wa vespa mkononi.
"Dakika moja tu. Toa mnofu,
nibakishie mwiba."

Nikaanza na kimya, kimya hukatika upesi.
Nikatoa bonde. Nikatoa ramani, ambayo hata hivyo haisikiki.
Nikatoa "lakini" tisa, "pengine" sita,
"kama nimekufahamu vyema" moja, yenye kikohozi katikati.
Likabaki "Muongo!"
alilolitamka Mwalimu akicheka, mwanzo kabisa,
walipokumbushana nani aliiba shokishoki za hedimasta.
Kicheko nacho nikakikata.
Neno nikalibandika nyuma ya "bomba."

Ijumaa Kengeja nzima ilikuwa nalo simuni.
Jumamosi duka la mume wa Bi Zuwena
halikuuza hata kiberiti.
Jumapili akafariki bibi mmoja wa mtaa wa juu
na hitima ikapikwa sufuria mbili,
jiko hili na jiko lile;
moshi tu ndio uliochanganyika.

Bomba? Lingali limelala kando ya njia.
Watoto huingiza vichwa, huku na huku, wakaitana,
na kila mmoja husikia sauti yake mwenyewe.

Sikukataa. Iandikwe hivyo hivyo: sikukataa.
N'na watoto wawili na kodi ya nyumba.

Ila vipande sikuvitupa.
Nimevitia kwenye flashi, usiku navisikiliza chini chini:
lakini, pengine, ngoja,
maji yanamiminwa, kiti kinasogezwa karibu,
na zile sekunde kumi na moja
za mtu mzima anayebadilisha mawazo.

Jana mama aligonga ukuta.
"Nani hao wazungumzao vizuri hivyo?
Kanda za zamani hizo?"

"La, mama," nikamwambia.
"Za Jumanne."