Shimo la Saa Tatu

Mzevinar anachimba. Koleo linaingia bila ubishi,
linagota, kisha linazama ghafla
kama mguu uliokosa ngazi gizani.
"Hapo," anasema, wala hatazami juu.

Juu ndiko tunakokwenda, mimi na kaka yangu Jokia,
miguuni mbao za kutelezea, mgongoni jibini na mishumaa:
ng'ambo ya kigongo hiki, leo kabla ya jua kuzama,
ni arobaini ya shangazi aliyetulea.

Mteremko umenyooshwa kama shuka la mgeni.
Usiku kucha upepo uliizoa theluji ya upande ule
ukaja kuilundika huku,
bila kumwuliza mtu.

Mzevinar anausawazisha ukuta wa shimo kwa kiganja,
anatusomea.
Juu: ya Jumanne, ngumu kiasi, mkate wa juzi.
Chini yake: utando wa barafu,
wa siku ile ya jua tuliyoishangilia.
Chini kabisa, ya Novemba,
punje kavu zinazomchuruzika vidoleni kama sukari.
"Hii haikushikana na kitu. Haina ndugu.
Na yote yale yameiegemea."

Anakata nguzo kwa msumeno, analaza koleo juu yake, anapiga.
Kumi kwa kiganja: kimya.
Moja kwa kiwiko.
Mbili,
na tofali zima linamtelezea mapajani,
laini, kama mtoto wa meza.

Jokia anacheka. "Hiyo nguzo moja. Mlima mzima je?"
Tunapiga hatua nne.
Chini yetu kitu kinaguna,
mguno mfupi, wa mtu mzito anayeketi kitandani
chumba cha pili,
na ufa mwembamba kama uzi
unapita katikati ya mbao zangu, unakwenda zake.
Ufa huo hauna fundi wa kuuziba.

Tulirudi. Jibini tuliila njiani, bila mkate.
Mishumaa tuliiwasha chini ya mnara wa babu,
upepo ukaizima, tukaiwasha.

Sasa sikiliza: mteremko ule haukuporomoka.
Si usiku ule, si wiki ile.
Kila asubuhi nikitoka kukamua niliutazama,
na kuna siku, Mungu anisamehe,
niliuomba uanguke.
Aprili uliyeyuka kidogo kidogo,
ukashuka hadi Enguri kama maji yoyote,
mengine tukanyweshea viazi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu.
Kimya kile kiliondoka na mshindo wake.

Mpaka leo Jokia, akishalewa kidogo, huuliza:
tungepita?
Shangazi angetuona?

Na Mzevinar, ambaye mumewe
tulimchimbua mwezi Mei, glavu moja ikiwa bado mkononi,
hufikiri muda mrefu kuliko swali lenyewe.
"Sijui," husema.

Kisha: "Kesho saa tatu.
Koleo msiliache nje."