Kilango cha Mbao

Msimu wa sungura ulipokwisha, Februari,
wawindaji walimtelekeza kando ya barabara ya Medina,
mbavu zikihesabika kwa mbali.
Shangazi Casilda alimleta ndani ya gari la mkate
akamwita Lento, yaani Polepole,
jina la kumsuta mbwa wa mbio.

Nilikuwa nimekuja wiki moja tu, kupaka rangi madirisha.
Nikakuta nyumba imegawanywa
kwa kilango cha mbao, kimo cha kiuno:
huku Lento, kule Jivu,
paka wa miaka kumi na mmoja
ambaye hajawahi kumpisha mtu.

Hawakuonana. Shangazi alibadilishana matambara tu,
la huyu kwa yule, la yule kwa huyu.
Harufu kwanza, alisema, kama posa:
hutangulia barua.

Eusebio, jirani, akaegemea dirisha langu bichi
akachafua kiwiko.
"Huyo alilelewa aue kila kikimbiacho.
Utamfunza kuisahau miguu yake?"
Shangazi alikuwa anakata maini,
vipande kama punje za mahindi. Hakuinua macho.

Siku ya tisa, kamba mkononi, kikapu cha waya mdomoni,
Lento alimwona paka akivuka jikoni.
Hakubweka. Afadhali angebweka.
Macho yaliganda, mkia ukaganda,
mwili mzima ukawa mshale
unaongoja kidole.
Shangazi hakupiga kelele, hakuvuta.
"Lento."
Kimya.
"Lento."
Sikio likageuka. Moja tu.
Ini likapenya tundu la waya.

Tazama, geuka, ini.
Mara thelathini kwa siku, mpaka nikaota ini.
Nilidhani anamfunza asimwone paka.
Sivyo. Alimfunza aone,
kisha awe na pengine pa kupeleka macho.

Jivu naye alijengewa njia yake ya hewani:
rafu tatu, jokofu, kabati la sahani za harusi.
"Asiye na pa kupanda atakimbia.
Akikimbia, tumekwisha."

Siku ya kumi na saba nilisahau komeo.
Ni mimi. Nilikuwa na ndoo mikono yote miwili.
Nilisikia kucha kwenye vigae, kishindo,
sahani sita za harusi.
Kikapu cha waya kiliokoa uhai mmoja;
mwingine ulipata mkwaruzo puani.
Shangazi hakunigombeza.
Alifagia, akayatafuta yale matambara,
akaanza tena siku ya kwanza.

Sikurudi kwetu hadi Mei.

Sasa Jivu hupita mbele yake, taratibu, kwa makusudi,
na Lento hugeuza shingo
kuutazama mfuko wa aproni.
Kilango bado hufungwa shangazi akienda sokoni.
Eusebio huuliza: amesahau?
Hajasahau. Usiku, usingizini,
miguu yake hufukuza sungura wa jana,
na paka, juu ya jokofu,
huitazama
mpaka itulie.